Sonny Boy Williamson yupi? Wapiga harmonika wawili na jina moja

Ukiandika jina la Sonny Boy Williamson kwenye intaneti utaletewa maisha ya mwanamuziki wa ajabu. Alirekodi mara ya kwanza mwaka 1937 akiwa na miaka 23. Juni 1948 akavamiwa njiani Chicago, akafa. Halafu Desemba 1963 huyo hapo, amesimama jukwaani karibu na London, na kijana Eric Clapton yuko nyuma yake na gitaa.

Hakufufuka. Hao ni watu wawili, wote wapiga harmonika, wote waimbaji wa bluzi, wote Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini, na wote waliuza santuri kwa jina lilelile bila alama yoyote ya kuwatenganisha. Namba za “wa Kwanza” na “wa Pili” tunazoziona leo zilibandikwa baadaye na waandishi na wakusanyaji wa santuri. Hakuna aliyewahi kujiita Sonny Boy wa Pili. Huyo anayeitwa wa pili alishikilia mpaka mwisho kwamba yeye ndiye halisi.

Wengi wakisimulia kisa hiki hukimaliza kwa sentensi moja: wa pili alimwibia wa kwanza jina. Nakubaliana nao, na sioni haja ya kutafuta neno laini zaidi. Ila sentensi hiyo inaacha maswali mawili mezani. Iliwezekanaje mtu achukue jina la msanii aliye hai, ambaye santuri zake zinauzwa madukani, alitumie redioni siku za kazi zote, na asisimamishwe? Na kwa nini mtu aliyethubutu kuchukua jina hakujisumbua hata kidogo kumwiga mwenye jina? Nikianza na maisha ya mmoja mmoja, majibu yatakuja yenyewe.

Yule wa Tennessee

John Lee Curtis Williamson alizaliwa tarehe 30 Machi 1914 nje ya mji wa Jackson, jimbo la Tennessee. Williamson ni ukoo wake, na Sonny Boy ni jina la utani alilokua nalo. Akiwa kijana alizunguka na akina Sleepy John Estes na Yank Rachell, wapigaji wa gitaa na mandolini waliomzidi umri, kisha akaelekea Chicago kama walivyofanya Wamarekani weusi wengi sana miaka hiyo, wakiyapa kisogo mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi.

Tarehe 5 Mei 1937 kampuni ya Bluebird, tawi la RCA Victor lililouza santuri za bei nafuu, ilimrekodi katika hoteli ya Leland, mji wa Aurora, si mbali na Chicago. Magitaa yalipigwa na Big Joe Williams na Robert Lee McCoy. Siku hiyo moja ilitoa “Good Morning, School Girl”, “Sugar Mama” na “Blue Bird Blues”, nyimbo ambazo wanamuziki wa bluzi wanazipiga hadi leo.

Ili kuelewa kilichokuwa kipya siku ile, inabidi tuikague kwanza harmonika yenyewe. Ile ya kawaida ya bluzi ina matundu 10 na vijilimi 20 vya shaba: kila tundu lina kimoja kinacholia ukipuliza na kingine kinacholia ukivuta. Ni chombo cha Wajerumani. Kiwanda cha Hohner cha Trossingen kilianza kuuza aina ya Marine Band mwaka 1896, na waliokibuni walifikiria nyimbo za kwao za densi na gwaride. Chukua harmonika ya C, ipulize: unapata C, E na G, sauti nyoofu na changamfu. Wapigaji weusi wa Kusini walikuja na ujanja wao. Waliichukua harmonika hiyohiyo ya C na kuipigia wimbo ulio katika G. Papo hapo uzito wa muziki unahama kutoka kwenye kupuliza kwenda kwenye kuvuta, kwa sababu ukivuta matundu ya chini unapata G, B na D. Tena sauti za kuvuta kwenye matundu hayo zina tabia moja ya thamani: ukibadili nafasi ya ulimi na koo, sauti inateremka taratibu, inalia kama mtu. Zile noti za bluzi ambazo piano haina, ziko hapo.

Kuna jambo jingine ambalo ni nadra kuelezwa. Mwimbaji huimba akitoa pumzi. Mpigaji wa harmonika kwa mtindo huu hupata sauti zake nzito akiingiza pumzi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuimba mstari kwa pumzi inayotoka na kujijibu kwa harmonika kwa pumzi inayoingia, bila pengo lolote kati ya hizo mbili. Kabla ya 1937 harmonika kwenye santuri mara nyingi ilikuwa kivutio, ikiiga garimoshi au mbwa wa kuwinda, au kijazio tu katika bendi za mtaani. John Lee aliifanya mtu wa pili wa mazungumzo. Anaimba nusu ya mstari, harmonika inaumalizia. Anauliza swali, harmonika inamcheka. Alikuwa na ulimi mzito wa kuzungumza, maneno yanamtoka kama yanakokotana, na badala ya kulificha hilo aliligeuza kuwa sehemu ya mdundo. Ukishamsikia mara mbili humsahau.

Katika miaka kumi aliyorekodi, 1937 hadi 1947, alitoa nyimbo zaidi ya 100. Alianza na magitaa mawili ya kijijini na akamaliza na piano, besi, ngoma na gitaa la umeme, yaani umbo lilelile la bendi ya Chicago ambalo Muddy Waters angelitangazia ulimwengu miaka michache baadaye. “Shake the Boogie” uliingia kwenye chati mwaka 1947.

Sasa fikiria alipata nini. Vikao vingi vya bluzi vya Bluebird mjini Chicago vilisimamiwa na Lester Melrose, ambaye haki za tungo zilikuwa zikiishia kwenye kampuni zake. Mwanamuziki alilipwa pesa ya kikao, akaenda zake. Wimbo ukivuma, faida yake ilikuwa kwamba watu wamemjua, hivyo akienda kupiga Memphis au St. Louis ukumbi utajaa. Kwa maneno mengine, mali pekee iliyobaki mkononi mwake ilikuwa jina. Ndiyo maana naita wizi kile kilichofuata. Jina kwake halikuwa pambo, lilikuwa shamba analolima.

Jina hilohilo aliwahi kulazimika kulificha. Machi 1947, jijini New York, yeye, Big Bill Broonzy na Memphis Slim walikaa mbele ya mashine ya Alan Lomax, mkusanyaji wa muziki wa asili, wakasimulia waziwazi maisha ya Kusini: kambi za kazi za shuruti, wasimamizi weupe, watu weusi waliouawa bila kesi. Walipojisikiliza waliogopa. Ndugu zao walikuwa bado wanaishi kule. Wakamsihi Lomax asiwataje, na santuri ilipotoka mwaka 1959 Sonny Boy aliitwa Sib. Kufikia wakati huo, katika mji mmoja wa mtoni huko Arkansas jina lake lilikuwa limeshatangazwa redioni mchana kweupe kwa ajili ya mtu mwingine.

Masika ya mwaka 1948 mtoto wa miaka 12, Billy Boy Arnold, alikwenda kubisha hodi mlangoni pa John Lee upande wa kusini wa Chicago, akaomba afundishwe. Alikaribishwa, akafundishwa, akarudi tena. Hakuwahi kupata muda mwingi. Tarehe 1 Juni, akirudi nyumbani kwa miguu kutoka klabu ya Plantation, John Lee alivamiwa na kuporwa, akafa. Alikuwa na miaka 34.

Saa sita na robo mchana

Huyu mwingine ni mgumu kumshika, na alipenda iwe hivyo. Alizaliwa kwenye mashamba ya pamba ya wilaya ya Tallahatchie, Mississippi. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Ford, baba wa kambo alikuwa Miller, na tangu utotoni watu walimwita Rice, kwa hiyo wanahistoria humwita Rice Miller. Mwaka wa kuzaliwa? Yeye alisema 1899. Kaburi lake linasema 1908. Mtafiti David Evans alimkuta kwenye sensa ya mwanzoni mwa 1920 akiwa mtoto wa miaka saba, ambayo inatupeleka karibu na 1912. Nadhani tofauti hii si usahaulifu wa mzee tu. Kama alizaliwa 1899, alimzidi John Lee miaka 15, na dai la kwamba alianza kulitumia jina zamani, mwenzake akiwa mtoto, linapata miguu. Kama ni 1912, walikuwa karibu rika moja, na dai linadhoofika sana.

Miaka ya 1930 alizunguka eneo la Delta, uwanda wa pamba kando ya mto Mississippi, na harmonika zake kiunoni, akijiita Little Boy Blue, akipiga kwa nyakati tofauti na Robert Johnson, Elmore James na Robert Lockwood. Aliishi na dada wa kambo wa mwimbaji wa bluzi Howlin’ Wolf, na katika kukaa huko ndiko alikomfundisha Wolf harmonika. Alikuwa na sifa kubwa vijijini lakini hakuwa na santuri hata moja.

Novemba 1941 redio mpya ya KFFA ilifunguliwa Helena, mji ulio ukingoni mwa mto Mississippi upande wa Arkansas. Rice Miller na Lockwood wakaenda kuomba muda hewani. Redio ikawaambia tafuteni mdhamini, na mdhamini akawa Interstate Grocery, kampuni ya Max Moore iliyosambaza unga wa ngano wa King Biscuit. Kipindi cha King Biscuit Time kilirushwa mara ya kwanza tarehe 21 Novemba 1941, na muda wake ukawa saa sita na robo mchana, wakati vibarua wa mashambani wanapumzika na kula. Wanamuziki waliupigia debe unga, kisha waliruhusiwa kutangaza usiku wa leo watapiga wapi. Hapo ndipo hela yao ilipokuwa.

Na hewani Rice Miller alikuwa Sonny Boy Williamson. Kuna wanaosema wazo lilitoka kwa muuza unga, kuna wanaosema mwenyewe alikuja nalo. Yote mawili yanaingia akilini, kwa sababu wote wawili walinufaika. Muuza unga alihitaji jina ambalo mteja mweusi wa Delta tayari analipenda, na mwaka 1941 jina hilo lilikuwa limeshakaa miaka minne kwenye mashine za santuri za kila baa. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba Interstate ilitoa unga wa mahindi ulioitwa Sonny Boy, na kwenye mfuko kukachorwa picha ya Rice Miller amekalia gunzi la hindi na harmonika mkononi. Mfuko huo ndio uliokuwa picha yake ya kwanza kuingia majikoni mwa watu wengi, kabla hajawa na santuri.

Kwa nini hakusimamishwa

Leo jambo hili lingegunduliwa kabla ya jua kuzama. Wakati ule hali ilikuwa tofauti kwa sababu kadhaa zilizoshikana.

Santuri haikuwa na sura. Ya Bluebird ilikuja kwenye mfuko wa karatasi wenye tundu katikati, na kwenye lebo kulikuwa na jina, wimbo na vyombo. Mkulima wa Mississippi aliyekuwa na “Sugar Mama” nyumbani hakujua kama mpigaji ni mrefu au mfupi. Mtu akija kijijini na harmonika, akasema ndiye, na akapiga vizuri, nani angembishia?

Redio ya Helena nayo ilisikika Delta, haikusikika Chicago. Waliolipa gharama ya udanganyifu walikuwa mbali na mahali unapofanyika. Halafu ikaja vita. Kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, na RCA Victor haikumaliza mgogoro huo hadi Novemba 1944. Malighafi ya santuri ilikuwa adimu pia. Kwa zaidi ya miaka miwili, basi, John Lee hakuweza kurekodi sauti mpya, wakati mwenzake yuko hewani siku tano za wiki na bendi mpya, nyimbo mpya na mdhamini mwenye malori. Sijaona jambo hili likipewa uzito unaostahili. Katika kipindi hicho ndipo Sonny Boy wa Delta alipohama kutoka mtu hadi mtu, na wasikilizaji hawakuhisi mshono.

Na tusisahau kwamba katika biashara hii majina yalikuwa yanabadilishwa kama shati. Robert Lee McCoy, yule mpigaji gitaa wa Aurora, alizaliwa McCollum, na baadaye akajiita Robert Nighthawk kwa sababu ya wimbo “Prowling Night-Hawk” aliourekodi siku ileile ya Mei 1937. Howlin’ Wolf, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Chester Burnett, hakuwa wa kwanza: kulikuwa na J. T. Smith wa Texas aliyejiita Howling Wolf baada ya kurekodi wimbo wenye jina hilo mwaka 1930. Hakuna aliyekwenda kusajili jina la jukwaani serikalini, na mwanamuziki mweusi aliyepeleka kesi dhidi ya kampuni ya wazungu ya Arkansas mwaka 1942 asingetarajia kusikilizwa kwa muda mrefu.

Jambo la mwisho ni lile lililomlinda Rice Miller kuliko yote: hakuwa akirekodi. Maadamu John Lee yu hai, hapakuwa na santuri mbili za Sonny Boy Williamson kwenye rafu moja. Kampuni kubwa ya santuri ingeweza kujali hilo. Kipindi cha unga hakikuwa kwenye rafu yoyote.

Santuri ya kwanza ya Rice Miller ilitoka mwaka 1951. Lillian McMurry, mwanamke mzungu mwenye duka katika mtaa wa Farish, Jackson ya Mississippi (Jackson nyingine hiyo, kana kwamba haijatosha kuchanganya), alianzisha lebo ya Trumpet na kumsaka Rice Miller mpaka akampata. “Eyesight to the Blind” ikafungua mlango. John Lee alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka miwili.

Sikiliza tofauti

Hapa ndipo kisa kinapokataa kuwa cha utapeli wa kawaida. Tapeli anayechukua jina hujitahidi kufanana. Rice Miller hakufanana na John Lee hata robo.

John Lee anaijaza nafasi. Sauti yake ni ya kijana, maneno yanasukumana, na harmonika inachomoza kila anapovuta pumzi. Rice Miller ni bahili wa noti. Anapiga mbili, anaacha kimya, anapiga ya tatu ikiwa umeshakata tamaa. Sauti yake ya kuimba ni kavu, ina mtetemo, na ina kejeli ya mzee anayejua siri yako. Sehemu kubwa ya ufundi wake iko kwenye viganja: anaifunika harmonika, anaifunua, na sauti inatoka ikisema karibu maneno. Wakati Little Walter na wengine wa Chicago walikuwa wanabana kipaza sauti ndani ya viganja ili amplifaya iinguruze harmonika kama saksafoni, Rice Miller alibaki akipigia kipaza sauti kilekile anachoimbia. Jukwaani aliitumbukiza harmonika ndogo nzima mdomoni, mikono hewani, akaendelea kupiga. Watu walilipia kuona hilo.

Kazi ninayoirudia zaidi ni “Mighty Long Time”, ya enzi za Trumpet. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Kuna yeye na harmonika yake, na Cliff Givens, mwimbaji wa kwaya za injili, anayeiga besi kwa mdomo. Basi. Nafasi iliyobaki wazi katika wimbo ule ni kubwa kuliko iliyojazwa, na mtu mwenye sauti ya namna hii hakuhitaji jina la mtu yeyote. Ndicho kinachokera katika kisa hiki. Angekuja na lake mwenyewe, bado angefika.

Trumpet ilipofungwa mwaka 1955 mkataba wake uliishia kwa ndugu wa Chess, Chicago, na Agosti mwaka huo akarekodi “Don’t Start Me Talkin’” kwenye lebo yao ya Checker. Nyuma yake walikaa Muddy Waters na Jimmy Rogers kwenye gitaa, Otis Spann kwenye piano, Willie Dixon kwenye besi na Fred Below kwenye ngoma. Ukipenda kujua bluzi ya Chicago ilivyokuwa na nguvu mwaka ule, orodha hiyo inatosha. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati ya R&B. Zikafuata “Keep It to Yourself”, “Fattening Frogs for Snakes” na nyingine nyingi, magitaa ya Lockwood na Luther Tucker yakisukana chini ya sauti yake. Mwaka 1963 akatoa “Help Me”, iliyojengwa juu ya mdundo wa “Green Onions” ya Booker T. & the M.G.’s.

Suala la majina halikumwacha. Katika kikao cha 1957 mashine ya studio ilinasa ugomvi wake na Leonard Chess, ambaye aliuliza wimbo unaitwaje. “Little Village,” akajibu. Chess akalalamika kwamba hakuna kijiji chochote ndani yake. Yaliyofuata hayachapiki, na kampuni iliyatoa hivihivi mwaka 1969 baada ya mzee kufa. Na albamu yake ya kwanza ndefu, “Down and Out Blues” ya 1959, kwenye jalada ilipambwa na picha ya mtu fukara asiye na makazi. Hakuwa yeye. Safari hii ni kampuni iliyompa sura ya mwingine.

Ulaya na kurudi Helena

Mwaka 1963 Wajerumani Horst Lippmann na Fritz Rau walimchukua kwenye ziara yao ya American Folk Blues Festival. Ulaya ilimpokea kama hajawahi kupokewa kwao. Alibaki Uingereza baada ya wenzake kuondoka, akashonesha suti ya rangi mbili, nusu huku nusu kule, akavaa kofia ya mviringo ya mabwana wa London na kubeba mkoba ambao ndani yake mlikuwa na harmonika. Desemba 1963 alirekodiwa jukwaani akiwa pamoja na Yardbirds, bendi ya kijana Clapton, katika klabu ya Crawdaddy, Richmond, na siku ya kuamkia mkesha wa mwaka mpya akarekodiwa akiwa na bendi ya Animals huko Newcastle. Vijana hawa walimheshimu na kumwogopa. Mpigaji gitaa Robbie Robertson aliwahi kusimulia kwamba mzee alipowazungumzia baadaye alisema wanautaka sana muziki huu na wanaupiga vibaya sana.

Hapo ndipo fundo lilipokazwa kabisa. Oktoba 1964 mwimbaji wa Uingereza Rod Stewart alitoa singo yake ya kwanza, nayo ilikuwa “Good Morning Little Schoolgirl”. Mwezi huohuo Yardbirds nao wakatoa wimbo wenye jina hilo. Asili ya jina ni kile kikao cha Aurora, cha John Lee. Lakini kwa msikilizaji wa Uingereza, Sonny Boy Williamson ni yule mzee wa suti ya rangi mbili aliyepita hapa juzi na Yardbirds. Kwake ilikuwa wazi kabisa kwamba wimbo ni wa huyo. Rekodi za kabla ya vita zilikuwa adimu Ulaya, na aliyezitoa hakuwepo kujitetea.

Mwaka 1965 Rice Miller alirudi Helena na kuingia tena kwenye King Biscuit Time kana kwamba alitoka jana. Levon Helm, Robertson na wenzao, waliokuja kuitwa The Band, walimtembelea wakapiga naye, wakaona akitemea damu kwenye kopo. Tarehe 25 Mei hakutokea redioni. Mpiga ngoma wake wa siku zote, James “Peck” Curtis, alitumwa kumwangalia akamkuta amekufa kitandani katika chumba alichopanga. Lillian McMurry ndiye aliyemwekea jiwe la kaburi karibu na Tutwiler, Mississippi, mwaka 1977. Limeandikwa Aleck Miller, ajulikanaye zaidi kama Willie “Sonny Boy” Williamson, na tarehe ya kifo ni ya Juni. Hata hiyo si sahihi.

Wanafunzi wao nao wamegawanyika, ingawa si kwa ukuta. Kwa John Lee wanatoka Billy Boy Arnold, Snooky Pryor na Junior Wells, ambaye albamu yake “Hoodoo Man Blues” ya 1965 imechukua wimbo wake mkuu kutoka “Hoodoo Hoodoo” ya John Lee. Kwa Rice Miller anatoka James Cotton, aliyemsikia redioni akiwa mtoto Mississippi, akaenda kuishi naye. Little Walter alikunywa visima vyote viwili: santuri za John Lee alizimeza, na katikati ya miaka ya 1940 alikuwa Helena. Blues Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa bluzi, ilipoteua watu wake wa kwanza mwaka 1980 iliwaingiza wote wawili kwa mpigo.

Ukikutana na wimbo usiojua ni wa nani

Huduma za muziki mtandaoni zinaendelea kuwachanganya. Utaona picha ya mmoja juu ya nyimbo za mwingine, na mikusanyo ya bei rahisi iliyowatia wote kwenye kapu moja. Usiiamini picha. Tazama mwaka na lebo. Bluebird au Victor, 1937 hadi 1947, ni John Lee, bila shaka yoyote. Trumpet kuanzia 1951, Checker kuanzia 1955, na chochote kilichorekodiwa Ulaya, ni Rice Miller. Hakuna rekodi ya Sonny Boy yeyote kati yao iliyoangukia kati ya 1948 na 1950, kwa hiyo mpaka ni safi.

Kama mwaka haukuandikwa, sikiliza vyombo. Piano inayobingirika na ngoma nyepesi, harmonika ikidakia kila neno, huyo ni John Lee. Gitaa la umeme lililokaa mbele, na harmonika inayongoja zamu yake, huyo ni Rice Miller. Na kama mwimbaji anasikika kama ulimi unamzidi ukubwa, umeshapata jibu. Rudi kwenye “Sugar Mama” ya 1937 ulinganishe.